Hoteli inataka mikate mara mbili: nikope nikue, au nibaki nilipo?

Swali la msomaji:

"Assalaamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina bekari ndogo Fuoni, Unguja, mwaka wa sita sasa. Tuko watu watano. Tunaoka kuanzia saa nne za usiku mpaka alfajiri, mchana oveni inapumzika. Kwa mwezi nauza kama milioni 13 na nusu. Milioni 9 ni hoteli moja ya Kiwengwa, zilizobaki ni maduka ya mtaani na watu wa harusi. Katika kila shilingi 100 ninazouza, kama 70 zinakwenda kwenye unga, hamira, gesi, mishahara na usafiri. Hoteli inalipa siku 60 baada ya kupokea ankara, na ankara napeleka mwisho wa mwezi. Sasa meneja, ambaye tunaelewana sana, ameniambia kuanzia Julai wanataka oda mara mbili, na kama siwezi watatafuta mwengine. Karatasi yoyote sijapewa. Benki iko tayari kunikopesha milioni 20 kwa miaka miwili, zote za oveni kubwa na kigari cha kupelekea mikate. Dhamana ni nyumba ya marehemu baba yetu Magomeni. Akiba yangu ni milioni 4. Mume wangu anasema riziki haikataliwi, dada yangu anasema nitajimaliza. Na kinachonishangaza ni kuwa faida naiona kwenye daftari lakini mkononi siioni. Nifanyeje?"

Wa alaykumu ssalaam, dada yangu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na naelewa kwa nini nyumbani mmegawanyika. Mume wako anaiona fursa, dada yako anaiona hatari, na wote wawili wanasema kweli. Lakini mimi nataka kuanzia ile sentensi ya mwisho uliyoiweka kama jambo la pembeni, kwamba faida ipo kwenye daftari na mkononi haipo. Tukilijua hilo linatoka wapi, la mkopo litakuwa jepesi.

Mtu akiona faida haishikiki huanza kuwatazama wafanyakazi wake kwa jicho la wasiwasi, au hujilaumu kuwa ana mkono wa kutoa, au huambiwa ni hasadi ya watu. Kwako sioni haja ya kufika huko. Hebu tuufuate mkate mmoja tu.

Mkate huo unatoka kwenye oveni yako alfajiri ya Julai mosi. Polo la unga ulilinunua Juni, taslimu. Gesi ulinunua taslimu. Saa kumi na moja na nusu umepokelewa kwenye geti la nyuma la hoteli, na saa mbili mgeni ameshaupaka siagi akaula. Mwisho wa Julai vijana wako wanataka mishahara, unawalipa. Ankara unaiandika Julai 31, na siku 60 zinaanza kuhesabiwa hapo, si siku mkate ulipoliwa. Pesa ya mkate ule inakufikia Septemba 29. Umesubiri siku 90 kwa kitu kilichokwisha kuliwa ndani ya saa tatu.

Hapo ndipo ilipo faida yako. Kila siku unapoamka, hoteli ile imeshikilia kati ya milioni 18 na milioni 27 za mauzo yako, kwa kutegemea imekulipa lini mara ya mwisho. Ukichukua zile 70 katika kila 100, maana yake kati ya milioni 12.6 na milioni 18.9 ni pesa ulizokwisha kuzitoa wewe mwenyewe, za unga na jasho la watu. Ulizikusanya kidogo kidogo kwa miaka sita, na zimelala Kiwengwa. Nisikilize vizuri hapa: benki inakutaka nyumba ya baba yako kwa milioni 20, na wewe umeikopesha hoteli kiasi kama hicho bila dhamana na bila karatasi.

Sasa tuongeze oda mara mbili, kama alivyotaka meneja. Nyongeza ni milioni 9 kwa mwezi, na kuitengeneza kunakugharimu milioni 6.3. Unatoa milioni 6.3 Julai, nyingine Agosti, nyingine Septemba. Hizo ni milioni 18.9, na shilingi ya kwanza ya nyongeza inaingia Septemba inapomalizika. Wakati huo huo milioni 20 za mkopo zote zimeshageuka chuma, yaani oveni na gari. Hata tusipotia faida ya benki, milioni 20 kwa miezi 24 ni zaidi ya shilingi 833,000 kila mwezi, na benki haitangoja hoteli ilipe. Sijahesabu hapo kwamba oda yako ya zamani nayo huwa imeshuka masika.

Unga wa Agosti utatoka wapi? Nimeona mara nyingi unapotoka. Kwanza mwenye duka la jumla anakupa mali kauli, kwa sababu anakuamini. Halafu unaomba mchezo wako, yaani upatu, utangulizwe. Halafu mshahara wa vijana unachelewa wiki moja, kisha mbili, na fundi wako mzuri anachukuliwa na bekari nyingine. Mikate inaanza kutoka migumu au kuchelewa, na hoteli, ambayo pesa zako bado inazo, inakulalamikia. Biashara nyingi nilizoziona zikifa hazikukosa wateja. Zilikufa kazi ikiwa tele. Biashara inayouza kwa deni hula pesa kwanza kila inapokua, na kuzirejesha baadaye. Anayekua polepole hulihimili pengo hilo kwa faida yake mwenyewe. Anayeruka mara moja huhitaji pesa ya kuzungushia iliyo kubwa kuliko ya mashine, na pesa hiyo kwenye hesabu ya mkopo wako haimo kabisa.

Kuna mtego mwingine, ambao huwanasa watu mwaka wa pili wakidhani wameshavuka. Wewe unajua kuliko mimi kwamba hoteli za pwani hujaa kuanzia Juni mpaka Oktoba, zikajaa tena mwisho wa Disemba mpaka Februari, na kwamba Aprili na Mei, masika yakimwaga, baadhi hufunga milango kabisa. Tuseme oda yako imekuwa milioni 18, na miezi hiyo miwili ikashuka mpaka milioni 3. Wengi wanatarajia ukata uje masika. Hauji! Mwisho wa Aprili unalipwa ankara ya Februari, milioni 18. Mwisho wa Mei unalipwa ya Machi, tuseme nayo ni 18. Una milioni 36 mkononi, kazi ni kidogo, unga ni kidogo, na watoto wako likizoni. Ndipo watu wanapoezeka nyumba, wanaponunua kiwanja, wanapomwoza binti kwa shughuli kubwa. Kisha kusi linakolea na wageni wanarudi. Julai na Agosti oda imerejea 18, na kila mwezi unatoa milioni 12.6. Unalipwa nini? Mwisho wa Juni, ankara ya Aprili, milioni 3. Mwisho wa Julai, ankara ya Mei, milioni 3. Umetoa zaidi ya milioni 25, umeingiza 6. Anayeiuzia hoteli hufilisika msimu unapofunguka, wakati kila mtu anamwambia hongera. Ile milioni 36 ya masika haikuwa faida. Ilikuwa unga wa Julai na Agosti, umekuja mapema.

Na kalenda yenyewe imebadilika, jambo ambalo naliona watu hawajalitia kwenye hesabu zao. Baina ya mwaka 2019 na 2022 Ramadhani iliangukia Aprili na Mei, mle mle masika. Hoteli zikipungua, futari ikawa inaziba: mikate ya mayai, mikate ya kumimina, boflo za daku. Aliyeanza biashara katika miaka hiyo alizoea kuona kwamba Mungu akifunga mlango mmoja anafungua mwingine wiki ile ile. Lakini Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2026 inaangukia Februari na Machi. Mwaka 2030 itaanza Januari, na nyingine itaanza mwaka huo huo Disemba ikimalizika. Maana yake, kwa miaka kadhaa ijayo mkate wa futari na mkate wa mtalii vitatakiwa kwa wakati mmoja, kwenye oveni moja, na vijana walewale waliofunga. Na masika yatabaki wazi. Kinachoweza kuyaziba sasa ni harusi za mfunguo mosi na mfunguo pili, miezi miwili inayofuata Ramadhani, kwa vile miezi hiyo ndiyo inayosogea kuelekea Machi, Aprili na Mei.

Harusi zina jambo jingine zuri ambalo pengine hukulitilia maanani: mwenye harusi hukupa arbuni. Pesa inatangulia, keki inafuata. Hoteli ni kinyume chake. Kwa hiyo unapotafuta wateja wapya usiangalie tu ni wangapi na wananunua kiasi gani. Angalia pesa inakuja kabla ya kazi, siku ya kazi, au baada ya kazi. Mwenye duka la Mwanakwerekwe anayekulipa asubuhi kwa boflo 60 ni mdogo kwa sauti, lakini unga wa jioni ananunua yeye.

Sasa hofu ya kwamba hoteli itakwenda kwa mwingine. Hofu hiyo ni ya kweli, sitaki kukupa moyo wa bure. Leo hoteli ni thuluthi mbili ya mauzo yako. Ukikubali oda mara mbili na vingine vikabaki vilivyo, itakuwa shilingi 80 katika kila 100. Kwa kufanya kile kinachoitwa kukua, utakuwa umezidi kujifunga kamba kwa mtu mmoja anayeweza kuondoka. Watalii zaidi ya laki saba waliingia Zanzibar mwaka 2024, na ndiyo sababu hoteli zinaongeza oda. Lakini pia tuliishi Aprili 2020, ndege za nje ziliposimamishwa, na hata zilipofunguliwa Mei wageni hawakurudi kwa pamoja, kwa sababu nchi zao nazo zilikuwa zimefungwa. Na hata bila ya msiba wa dunia nzima, hoteli hubadilisha wenyewe.

Miaka ya nyuma nilimfanyia mahesabu mzee mmoja aliyekuwa akipeleka mboga hoteli ya pwani ya mashariki. Meneja alikuwa rafiki yake, walikuwa wakialikana hata arusi. Siku moja meneja akahamishwa, hoteli ikakodishwa kwa kampuni nyingine, na wapya wakasema deni ni la waliotangulia. Mzee alikuja kwangu na bati la biskuti limejaa vikaratasi vya kupokelea mboga. Tulivimwaga juu ya mkeka, tukakaa kutwa nzima tukivipanga. Kama nusu havikuwa na tarehe, au saini ilikuwa mkwaruzo tu usiomtaja mtu. Alilipwa sehemu, baada ya zaidi ya mwaka. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi, nadhani. Aliyekuwa akimjua alikuwa ameondoka, na karatasi hazikuweza kusema kwa niaba yake.

Ndiyo maana neno "tunaelewana sana" linanitia wasiwasi. Mnaelewana wewe na yeye. Hoteli haielewani na mtu. Kama unaona haya kudai maandishi, kwamba utaonekana humwamini, kumbuka kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Kuandika ni amri tuliyopewa, na inamlinda yeye pia mbele ya wakubwa wake.

Kwa mume wako, mpe salamu zangu, na mwambie nakubaliana naye: riziki haikataliwi. Lakini kusema "naomba nianze na robo, nikithibitisha niongeze" hakuikatai. Kunaipokea kwa chombo kilichopo.

Kuhusu nyumba ya Magomeni nitasema waziwazi. Usiiweke. Umeandika "marehemu baba yetu", kwa hiyo wapo ndugu. Kama mirathi haijagawanywa, unaweka rehani kitu ambacho sehemu yake si yako, na hata ndugu wakikubali kwa mdomo leo, awamu tatu zikikosekana mambo yatageuka, na hapo utakachopoteza kitakuwa zaidi ya bekari. Kama kuna siku mtalazimika kuigusa, iwe baada ya mirathi kupita Mahkama ya Kadhi, kila mtu akijua fungu lake, na wakili akiwa amesoma mkataba wa benki kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Basi nini kifanyike? Anza na kitu kisichogharimu hata senti: ankara. Acha kuipeleka mwisho wa mwezi. Kila Jumatatu peleka ankara ya wiki iliyopita, mkononi mwa mhasibu, naye atie muhuri na tarehe kwenye nakala yako. Kwa hilo tu, siku 60 zikibaki zilezile, mkate wako utasubiri wastani wa siku 63 au 64 badala ya 75. Kwa oda unayouza leo, siku hizo kumi na moja ni zaidi ya milioni 3 za mauzo zitakazorudi mkononi mwako bila kuoka mkate hata mmoja zaidi. Mwambie anayepokea mzigo alfajiri aandike tarehe, idadi, na jina lake kwa herufi zinazosomeka.

Halafu omba siku 30 kwa oda ya nyongeza. Usidai kwa oda yote kwa mara moja, maana mhasibu atakuambia kanuni ya kampuni hairuhusu. Nyongeza ni makubaliano mapya, na hapo una nguvu, kwa kuwa wao ndio waliokuja kuomba. Tazama hesabu inavyobadilika. Kwa ankara za kila wiki na malipo ya siku 30, pesa ya kwanza ya Julai inafika kiasi cha wiki tano baada ya kuanza. Nyongeza nzima, ile ya milioni 9, ingekutaka chini ya milioni 8 kabla ya kuanza kulipwa, badala ya 18.9. Nusu ya nyongeza inakutaka chini ya milioni 4. Akiba yako ni hiyo milioni 4, na sitaki uimalize, kwa hiyo anza na robo. Ngoja ankara mbili tatu za mwanzo zilipwe kwa siku iliyokubaliwa. Zikilipwa, ongeza robo ya pili, na zikichelewa utakuwa umejua tabia ya mlipaji kwa bei ndogo.

Oveni kubwa je? Umeniambia mwenyewe mchana oveni inapumzika. Unachokosa ni saa za kuoka, na saa unazo. Mkate wa kifungua kinywa lazima uoke usiku, hilo halina mjadala. Lakini muulize meneja nyongeza anayoitaka ni ya nini. Mikate midogo ya chakula cha usiku inaweza kutoka saa tisa alasiri. Keki, biskuti na visheti vinakaa. Ukiweka zamu ya mchana ya watu wawili, robo mbili za mwanzo zinaweza kupita bila oveni mpya. Na gari la kukodi kwa safari ya jioni ni ghali kwa kila safari, lakini siku oda ikishuka halikudai kitu. Katika mwaka wa kwanza wa jambo usilolijua ningelipa zaidi kwa kitu ninachoweza kukiacha.

Oveni ikishajaa usiku na mchana kwa miezi sita, rudi kwenye suala la kukopa, na wakati huo utakwenda na daftari linaloongea. Hukusema mkopo ni wa aina gani. Kama unakimbia riba, Benki ya Watu wa Zanzibar ina huduma zake za Kiislamu, PBZ Ikhlas. Katika murabaha benki hununua kitu unachokitaka, kisha ikakuuzia kwa bei inayojulikana tokea siku ya kwanza, ukalipa kwa awamu. Kwa oveni inakaa vizuri, na hata kwa shehena ya unga. Kwa mishahara haikai, kwa vile hakuna bidhaa inayonunuliwa, na ndiyo maana pesa ya kuzungushia lazima utafute kwenye ankara zako mwenyewe. Kwa aina yoyote ya mkopo, uliza kabla ya kutia saini kama awamu za Julai na Agosti zinaweza kuwa ndogo na za Aprili na Mei kubwa. Ofisa wa benki anaweza kushangaa, maana wengi wanadhani masika ndiyo shida. Mwoneshe mtiririko wa malipo yako kwenye karatasi.

Kwenye makubaliano na hoteli tia sharti la bei ya unga. Ngano tunaagiza kutoka nje, na mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza bei ilipanda duniani kote. Tuseme nusu ya gharama zako ni unga, yaani 35 katika kila 100 unazouza. Unga ukipanda kwa asilimia 30, gharama inaongezeka shilingi 10 na nusu, na faida yako ya 30 inabaki 19 na nusu. Zaidi ya thuluthi imekwenda na hujakosea kitu. Kwa hiyo andikeni bei ya polo la leo, na kwamba likipanda kupita kiasi fulani mtakaa upya. Umeme nao: wakubwa tunakumbuka Unguja ilivyokaa gizani tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, njia ya umeme unaotoka bara kwa kebo ya chini ya bahari ilipoharibika. Oveni yako iendelee kuwa ya gesi, na mashine ya kukandia isizidi ukubwa ambao jenereta ndogo inaweza kuuendesha. Na vipimo vya fundi wako viandikwe kwa mizani, visikae kwenye viganja vyake tu.

Katika mwaka mmoja au miwili ningependa hoteli hii isizidi thuluthi moja ya mauzo yako. Usiipunguze, kuza vingine. Harusi za mfunguo mosi, maduka ya Fuoni na Mwanakwerekwe, hoteli ya pili ya upande mwingine wa kisiwa, mikahawa ya skuli. Na fungua akaunti ya pili, uipe jina la unga, ambayo malipo yote ya Aprili na Mei yataingia humo, isiguswe mpaka Julai. Mume wako awe shahidi wa hilo. Ni vigumu kuliko unavyofikiri, hasa mtu akija na kiwanja cha bei nzuri.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kabla ya kutia saini mkataba wowote wa hoteli, uende kwa wakili ausome, hata kama ni kurasa mbili. Mauzo yakikaribia kukua maradufu, nenda ofisi ya Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, uulize kodi yako itakavyobadilika na risiti zinazotakiwa. Ni bora uulize wewe kuliko kuulizwa. Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi Zanzibar, ZEEA, wanashughulikia mikopo na mafunzo ya wajasiriamali, nenda ukae nao na daftari lako. Na kama ukikaa leo usiku ukashindwa kutaja, bila kubabaika, hoteli inadaiwa shilingi ngapi na ya tarehe gani ni ya zamani zaidi, basi mtafute mtu wa mahesabu aje bekarini siku mbili kabla ya kuongeza mkate hata mmoja. Vilevile, ikitokea umeshachukua mkopo na unaona awamu ijayo haitapatikana, nenda benki kabla haijapita. Anayekwenda mapema husikilizwa kwa sikio jingine.

Kwa meneja, nenda mwenyewe, usipige simu. Chukua mikate michache ya moto ya alasiri ili aone zamu ya mchana inavyotoka. Mwambie hivi: "Nashukuru kwa kuniamini. Nataka kuwaletea nyongeza bila ubora kushuka hata siku moja, kwa hiyo naanza na robo Julai mosi, na robo ya pili katikati ya Agosti. Kwa nyongeza hii naomba ankara kila Jumatatu na malipo ya siku 30, tuandike karatasi moja tutie saini sote wawili." Kisha nyamaza umwache ajibu. Akikubali, umepata msimu. Akisema siku 60 au basi, mwombe umpelekee nyongeza ndogo kwa masharti yake ya zamani, kiasi ambacho akiba yako ya milioni 4 inaweza kukibeba ikabaki nusu, na Jumamosi hiyo hiyo anza kupita kwenye hoteli nyingine ukiwa na kapu la mikate mkononi.